Salio la Abiria ni Amana

Kila nauli inapopanda, vijana hutugeukia sisi wazee wakitaka tuwaambie kwamba zamani usafiri ulikuwa rahisi. Nauli ya zamani kweli ilikuwa ndogo, lakini usafiri wa Dar es Salaam haujawahi kuwa rahisi katika umri wangu wote. Nimeishi mji huu tangu mabasi yakiwa ya shirika la umma. Niliyaona yakipungua, nikaona magari ya watu binafsi yakishika nafasi yake, nikaona barabara za mwendokasi zikijengwa, na sasa naona fedha taslimu ikitolewa mkononi mwa abiria na kadi ikiwekwa mahali pake. Wajukuu zangu sitaki kuwarithisha manung'uniko juu ya shilingi iliyopungua thamani. Nataka washike jambo moja: mtu anayelipa kabla hajasafirishwa amemkopesha anayemsafirisha, na mkopeshaji ana haki ambazo sisi tuliolipia ndani ya gari hatukuwa nazo. Haki hizo zisipodaiwa mapema, zitasahaulika kabla hazijajulikana.

Nianze na nauli ndogo, maana ilitugharimu sana. Kampuni ya DMT iliyoendesha mabasi ya mji tangu enzi za mkoloni ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, UDA ikabaki na mji. Sisi tulioanza kazi miaka hiyo tuliipenda UDA kama mali yetu. Tuliyajua mabasi yake, na yale marefu ya Ikarus yaliyoungwa katikati tuliyaita kumbakumba kwa jinsi yalivyozoa watu. Nauli ilipangwa na serikali, na ilikuwa ya chini ili mfanyakazi wa kima cha chini aimudu. Nia ilikuwa njema. Lakini bei ya mafuta ilipopanda duniani, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipomaliza fedha za kigeni, vipuri havikuja, matairi hayakuja, na nauli ile haikuweza hata kulitoa gereji basi lililokwama. Mabasi yakapungua barabarani huku mji ukizidi kujaa watu. Ikafika mahali nauli ni ndogo na basi lenyewe halipo.

Nilikuwa muuguzi. Hospitalini zamu ya usiku haitoki mpaka zamu ya asubuhi imeingia na kukabidhiwa wodi. Basi lilipokosekana Manzese au Temeke, mwenzangu aliyekesha alibaki na wagonjwa mpaka saa nne, saa tano, macho yamemwiva, bado anagawa dawa na kubadilisha shuka. Aliyechelewa alikuwa amesimama kituoni tangu alfajiri, nauli iko mkononi, hana wa kumpa. Huo nao ulikuwa ughali wa usafiri, ila haukuandikwa kwenye tiketi. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema dawa ya kila kitu ni nauli ishuke tu, namsikiliza kwa heshima, kisha namuuliza: na basi litakuwepo?

Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu moja tu, na ilizidi ya UDA. Tukalipa. Yale tuliyoyaita chai maharage, magari yaliyofungwa mabenchi nyuma, abiria mnakaa mnatazamana, yalikuwa ya vumbi na ya hatari, lakini yalikuja. Watu wazima wenye mishahara midogo walichagua kulipa zaidi kuliko kusubiri kisichokuja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nauli hupimwa pamoja na muda uliosubiriwa, na kwamba maskini ndiye anayelipa kwa muda kuliko mtu yeyote, kwa sababu hana kingine cha kulipia.

Magari hayo ya watu binafsi, daladala, yakawa shule ya kizazi changu. Nauli yangu nilikuwa naifunga kwenye ncha za kanga: ya kwenda fundo hili, ya kurudi fundo lile, ili ya kurudi isije ikaliwa na sokoni. Konda alipita akichezesha sarafu kiganjani, na mlio ule ulitosha kukuambia zamu yako ya kulipa imefika. Akikosa chenji alikuwa na njia yake. Alitoa noti moja, akampa abiria mmoja, akasema, "Wewe na huyo mama mtagawana." Basi mimi na kijana nisiyemjua, tukishuka Magomeni, ilibidi tuongozane mpaka kwa muuza karanga tuivunje noti ile. Njiani tuliulizana majina, tukaulizana kwetu wapi. Nimewahi kualikwa harusini kwa ujirani ulioanza kwenye noti ya namna hiyo.

Kikubwa zaidi, tulijifunza kusema. Konda akizuia chenji ya bibi mmoja, gari zima lilimgeukia: "Konda, mrudishie mama hela yake!" Mvua ikinyesha naye akatangaza nauli ya mvua, palikuwa na mtu wa siti ya nyuma aliyeijua nauli halali na kuitaja kwa sauti, na wengine wakamuunga mkono mpaka konda akanywea. Hatukuwa na simu za kupigia picha wala namba ya bure ya kulalamikia. Tulikuwa na sauti, na kila mmoja alijua kwamba anayedhulumiwa leo ni yule, kesho ni yeye. Watu wasiojuana walikuwa kitu kimoja kwa dakika tano, kisha kila mtu akashuka kituo chake.

Pamoja na hayo, sitaki mtu ayasifie mazingira yale kwa kuyatazama kwa mbali. Wanawake tulibanwa mlangoni, wezi walichana mikoba, na matusi yalikuwa mengi kuliko salamu. Mzizi wa taabu ile ulikuwa hesabu. Tajiri mwenye gari alitaka kiasi chake kila jioni, mvua inyeshe jua liwake. Kilichobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho kilichokuwa riziki ya dereva na konda, na wengi wao hawakuwa na mkataba wala akiba ya uzeeni. Dereva wa namna hiyo atakimbia, atajaza, atakatisha ruti akiona abiria wameisha, na akichoka atamwachia usukani deiwaka asiyejulikana na tajiri. Tuliwalaumu vijana wale kwa tabia. Wachache wetu tuliuliza nani aliwapangia maisha ya kugombania kila kichwa barabarani.

Aliyeumia kuliko wote ni mwanafunzi. Nauli yake ya shilingi 200 imewekwa na mamlaka ili mtoto wa maskini afike shule, na ni jambo la kujivunia kwamba nauli za watu wazima zilipopandishwa, ya kwake iliachwa ilivyo. Ila pengo lilizidi kupanuka, na gharama ya pengo hilo aliachiwa konda peke yake. Mtu mzima akilipa 600, mwanafunzi anayeshika nafasi ileile ni theluthi ya pato. Nimewaona watoto wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao wakipitwa na gari baada ya gari, konda amekinga mlango kwa mkono: "Denti wawili tu!" Wawili wanapanda, saba wanabaki. Wanaofika shuleni saa tatu huchapwa kwa kuchelewa. Taifa lililoamua kumbeba mwanafunzi kwa nusu au theluthi ya nauli lilipaswa kuilipa tofauti hiyo lenyewe, badala ya kumtwisha kijana wa mlangoni asiye na mshahara.

Nauli zenyewe zimepanda kwa hatua ambazo watu wa umri wangu tunazikumbuka. Mwaka 2013 safari fupi ya daladala ilitoka shilingi 300 ikawa 400, wakati msimamizi ni SUMATRA. Ikakaa hapo kwa miaka mingi. Mei 2022, chini ya LATRA, ikawa 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Kila mara sababu zilizotajwa zilikuwa zilezile: mafuta, vipuri, matairi. Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Siwezi kusema sababu hizo ni za uongo, kwa kuwa nimeshaona basi likifia gereji kwa nauli isiyotosha. Ninachosema ni kwamba mwenye gari amekuwa akieleza gharama zake vizuri kuliko abiria alivyoeleza za kwake. Ongezeko la shilingi 100 kwa mama anayepanda magari mawili kwenda Kariakoo na mawili kurudi ni shilingi 400 kwa siku. Kwa siku sita za wiki ni 2,400. Hiyo ni sembe ya nyumba yenye watoto, na mwenye kuijua hesabu hiyo ni yeye, anayepaswa kuisema ni yeye.

Halafu ikaja mwendokasi. Mabasi yalianza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo, njia ya kilomita zipatazo 21. Nauli ilikuwa 400 kwa njia mlishi, 650 kwa njia kuu, na 800 kwa anayeunganisha. Siku za kwanza nilipanda kwa furaha ya mtoto. Basi lina njia yake, halishindani na mtu, kituo kina paa, na mlango uko usawa wa sakafu, hata mwenye magoti kama yangu anaingia bila kuinuliwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya mji wetu, abiria wa basi walilipa kwanza, wakapanda baadaye. Tuliona ni ustaarabu, na kweli ulikuwa ustaarabu. Kadi zilikuja, tiketi za karatasi zikarudi na foleni zake za dirishani, kisha kadi zikaja tena. Kwenye kivuko cha Kigamboni nako watu wakazoea kadi ya N-Card. Nauli ya njia kuu ya mwendokasi nayo ikapanda kutoka 650 ikafika 750.

Kadi ina mema yake, na nayataja kwa moyo mweupe. Inaondoa ugomvi wa chenji. Inafupisha foleni. Fedha taslimu hupita mikono mingi, na kila mkono unaweza kubakiza kidogo. Kadi inaipeleka nauli moja kwa moja kwenye akaunti inayoweza kukaguliwa. Inaweza kuimaliza hesabu ya tajiri, kwa kuwa dereva akilipwa mshahara hana sababu ya kumkimbia mwanafunzi wala kumwaga abiria njiani. Ni kadi pia inayoweza kumtambua mwanafunzi na kumkata nauli yake bila kumwaibisha, huku tofauti ikilipwa na mwenye kuiagiza. Na kila inapoguswa inaacha kumbukumbu: saa ngapi watu wamejaa Ubungo, saa ngapi Kimara imeelemewa. Zamani ofisa aliweza kusema hakujua kwamba abiria wamesimama saa nzima. Mwenye kumbukumbu za kadi hana udhuru huo.

Lakini kadi haileti basi. Wenzetu wa Nairobi walilijaribu jambo hili mapema. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay, kampuni nyingine zikaleta kadi zao, na serikali ya Kenya ikaagiza matatu zote ziache fedha taslimu kuanzia Julai 2014, kisha ikasogeza tarehe. Haikushika. Wamiliki waliipenda kwa sababu wangeona mapato yao yote. Madereva na makondakta hawakuipenda kwa sababu riziki yao ilikuwa kwenye kile kisichoonekana, na humohumo ndimo ilimotoka hongo ya barabarani. Nauli ya matatu ilibadilika asubuhi na jioni, jua na mvua, na mashine haikujua kubishana. Kadi zilikuwa nyingi na hazikusomana. BebaPay ilifungwa mwaka 2015. Watu walewale waliozikataa kadi walikuwa wakitumiana fedha kwa M-Pesa tangu mwaka 2007, kwa hiyo hakuna awezaye kusema hawakuelewa teknolojia. Waliona jinsi usafiri wenyewe ulivyopangwa, wakajua kadi haiwezi kuupanga upya.

Kigali walitangulia kuupanga usafiri. Kampuni zilipewa maeneo, nauli ikawa moja inayojulikana, na kadi ya Tap&Go ilipoingia mwaka 2015 ilikuta utaratibu wa kuusimamia. Hata hivyo, Machi 2024 serikali ya Rwanda ilipoacha kulipia sehemu ya nauli kama ilivyofanya tangu mwaka 2020, abiria aliona pengo lilelile kwenye salio lake. Kadi hukusanya nauli iliyoamuliwa na watu. Swali la nani abebe gharama ya kumfikisha mfanyakazi kazini, abiria, mwenye basi au hazina, huamuliwa mezani, na mwenye kukosa kiti mezani huandikiwa deni.

Sasa nifike kwenye kiini cha tafakari yangu. Chukua nauli ya 750. Mtu anaweka shilingi 5,000 kwenye kadi. Anasafiri mara sita, zinakwenda 4,500, zinabaki 500. Hiyo 500 haitoshi safari, wala hairudi mfukoni kununua mkate. Inakaa, na kwa kila kadi kuna kiporo kama hicho, na kadi za mji ni nyingi mno. Tena fikiria aliyeijaza 5,000 ileile nauli ikiwa 650. Alikuwa amenunua safari saba. Nauli ikipanda kesho yake, amebaki na sita. Ameshalipa, fedha yake imeshashikwa na mwingine, na bado safari moja imeondoka bila yeye kuulizwa. Katika daladala la shilingi tano jambo hilo lisingewezekana. Nauli ilikuwa kwenye fundo la kanga mpaka dakika ya kusafiri.

Wanawake wa kizazi changu tumecheza upatu maisha yetu yote, na kijumbe anayeshika fedha za wenzake tunayajua masharti yake. Daftari liko wazi, kila mwenye jina anaweza kuja hata usiku kuuliza, na akitaka kubadilisha kiwango huitisha kikao kwanza. Fedha ile hata ikilala kwake mwezi mzima haiwi yake. Ni amana, na kula amana ni dhambi kanisani, ni dhambi msikitini, na ni aibu mtaani. Salio lililomo kwenye kadi ya abiria ni amana ya namna hiyohiyo. Aliyelishika, awe wakala wa serikali, benki au kampuni, anawajibika kusema liko wapi, linazaa nini na anayefaidika ni nani, na mwenye kadi akitaka chake arudishiwe. Sijui kwa nini kijumbe wa mtaa wetu adaiwe uaminifu mkubwa kuliko ofisi yenye wahasibu.

Nawafikiria pia wasio na salio. Mji huu umejengwa na watu wanaoishi kwa fedha ya siku. Kibarua analipwa jioni, mama anauza mboga ndipo ajue kama atapanda gari au atatembea. Mtu kama huyo fedha yake haikai mahali popote kwa siku tatu, sembuse ndani ya kadi. Siku moja kwenye geti la mwendokasi nilimkuta mzee mwenye sarafu zake kiganjani, ameambiwa fedha taslimu haipokelewi. Hakugomba. Alizitazama zile sarafu, akaanza kugeuka arudi alikotoka. Binti mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Shikamoo babu, pita tu," akagusisha kadi yake mara mbili. Mzee akamwekea sarafu mkononi, binti akazikataa, mzee akasisitiza mpaka zikapokelewa. Nilifurahi kwamba vijana wetu wana moyo huo. Lakini haki ya kusafiri katika mji wako, na fedha halali ya nchi yako ikiwa mkononi, haipaswi kutegemea nani amesimama nyuma yako kwenye foleni.

Vijana, ninyi mna vyombo ambavyo sisi hatukuviota. Mnaona bei ya mafuta kila mwezi EWURA inapoitangaza. Mnaweza kukata tiketi ya treni ya kwenda Dodoma mkiwa kitandani. Mnajua kuhesabu, mnajua kuandika, mnajua kupiga picha basi lililojaa na kuisambaza kabla halijafika kituo kinachofuata. Ila nawaona kila mmoja na vipokea sauti masikioni, na mashine ikimkata mtu nauli mara mbili, analalamika peke yake kwa vidole, mwenzake wa siti ya pili hajui. Kile kitu cha "mrudishie mama hela yake" kinapotea, kwa sababu hakuna tena konda wa kuambiwa wala dakika ya wote kusikia. Dhuluma ya kadi ikiwepo itakuwa ya kimyakimya, itamgusa kila mtu kwa kiasi kidogo, na kila mtu atadhani ni yeye tu.

Kwa hiyo sauti ile lazima ihamie mahali pengine, na mahali hapo papo kisheria. LATRA kabla ya kupanga nauli hukusanya maoni ya wadau. Lipo Baraza la Ushauri la watumiaji wa usafiri wa ardhini. Kipo chama cha kutetea abiria. Wenye magari wana umoja wao, wakiitwa wanakwenda na makaratasi yaliyokokotolewa: lita ngapi, tairi shilingi ngapi, mkopo wa benki asilimia ngapi. Abiria nao waende na hesabu zao: naamka saa ngapi, nasubiri dakika ngapi, napanda magari mangapi, nauli inakula kiasi gani cha mshahara wangu. Daktari hawezi kuandika dawa kwa mgonjwa asiyesema panapouma, na kwa miaka yangu yote wodini niliona wanaonyamaza wakihudumiwa mwisho. Mamlaka nayo itapanga kwa maumivu iliyoyasikia.

Tena wasiende kupinga ongezeko tu. Nauli ikipanda kwa sababu ya kweli, tulipe, maana kulipa kidogo kwa basi lisilokuja tulishajaribu na tulichuma tulichopanda. Lakini ongezeko lije na ahadi inayopimika. Mabasi mangapi yatakuwa barabarani saa kumi na mbili asubuhi? Abiria atasubiri dakika ngapi? Ahadi ikivunjwa, nauli irudi ilikokuwa, au salio la waliosubiri lifidiwe. Kampuni iliyopokea fedha kwanza haina ubavu wa kumwambia abiria avumilie, kwa sababu yeye uvumilivu wake ameshautoa kwa njia ya fedha.

Na kuhusu kadi, tudai mambo ambayo hayahitaji kamati ya miaka. Kadi iwe moja kwa mwendokasi, daladala na kivuko, isiwe kila geti na kadi yake. Bei ya kuipata isizidi uwezo wa kibarua. Ijazwe kwa wakala yeyote wa simu mtaani, hata kwa kiasi cha safari moja. Salio lisiishe muda, na likidaiwa lirudishwe. Nauli inapopanda, salio lililowekwa kabla litumike kwa nauli ya zamani mpaka liishe. Mwanafunzi apate kadi yake, na serikali ilipe tofauti kwa anayembeba. Makondakta wanaopoteza kazi wafikiriwe kwanza kwenye kazi za vituoni, kwa kuwa hakuna anayewajua abiria wa mji huu kuwashinda wao. Na kwa asiye na kadi, libaki dirisha moja la tiketi kila kituo, lisilofungwa.

Sisi tuliolipia ndani ya gari tulikuwa na faida moja: gari lisipokuja, fedha ilibaki kwetu. Ninyi mmeikubali njia nyingine, na ina manufaa mengi, lakini imempa mwenye basi fedha zenu kabla hajawasogeza hata hatua moja. Tangazo la maoni ya nauli litakapotoka tena, msiliache kwa wenye magari peke yao. Nendeni ukumbini, mkae viti vya mbele, na kabla ya kuzungumzia ongezeko lolote anzeni kwa kuuliza: salio letu mlilokwisha kulishika liko wapi, na limetununulia mabasi mangapi?